Mausi ya Mapajani

Mimi ni mkali. Nasema mapema ili mtu asije akadhani shukrani hizi zinatoka kwa mtu mpole. Kwetu, kijijini nje kidogo ya Njombe, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na gogo la paina liliponiangukia begani nikiwa msichana, uso ukakunjika moja kwa moja. Mfupa uliunga, lakini mkono wa kulia uligoma kunyanyuka. Unafika usawa wa kiuno, basi. Kulima siwezi, kutwanga siwezi, na ukinihurumia nakufukuza.

Kilichonitoa nyumbani ni kompyuta. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba cha mbele anafungua duka, na kila duka linataka kadi, kalenda, bango. Njombe mjini nikajifunza kuchapa, kisha programu ya usanifu, ile ya kupanga picha na maandishi. Halafu nikapata kazi Makambako, kwenye steshenari ya mama mmoja wa Kiislamu, asili yake Kondoa, mwenye lori la kusomba mahindi. Si msemaji yule mama. Nami nikamwita Mama tu, naye akaniita mwanangu, na hatukuulizana dini wala kabila.

Tabu ilikuwa mausi. Meza iko juu, mausi ya waya iko juu ya meza, bega langu liko chini. Nikichora kidogo tu nauma meno kwa maumivu. Nilijaribu mkono wa kushoto, nikawa naparua kama kuku. Mama aliniona. Lori lake liliporudi kutoka Dar, dereva akashusha boksi dogo, ndani yake mausi isiyo na waya.

"Weka mapajani," Mama akasema.

Nikaweka kibao mapajani, mausi juu yake, na mkono wangu ukafanya kazi pale pale ulipo, bila kuombwa unyanyuke. Jamani! Nilitaka kumkumbatia yule mama. Nikaishia kusema ahsante kwa sauti ya ugomvi.

Mausi ile ilikuwa na kipokeo chake, kidubwasha cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichounganishwa kwa waya nyuma ya mashine ya kompyuta. Mama alikataa katakata kikae juu ya bati tupu la mashine, na vumbi lile la malori. Akafuma kitambaa cheupe cha maua, kikubwa, akakitandika juu ya mashine kama tunavyotandika redio na makochi, kikashuka nyuma mpaka karibu na meza. Kipokeo akakikalisha juu yake. Duka likapendeza, wateja wakasifia.

Wiki ileile mashine ikaanza kuugua. Nikichapa barua, haina neno, siku nzima. Nikifungua programu ya usanifu nikaweka picha kubwa kubwa, haupiti muda inaganda, mshale hauendi, halafu pu! Inajizima. Na tulikuwa tumepokea kazi ya kwaya moja ya Kilutheri ya Njombe, kava za kaseti yao ya kwanza, wanakwaya wote na majoho yao. Nikipanga nyuso, zinapotea. Nikipanga tena, zinapotea tena. Niliitukana ile mashine kwa Kiswahili na kwa Kibena.

Mama akamwita fundi kutoka Njombe. Kijana nadhifu, kalamu mfukoni. Alitazama, akauliza maswali mawili matatu, akatoa hukumu.

"Dada, mausi hii na programu hii hazipatani. Chagueni moja."

"Mbona nikichapa barua zinapatana?"

"Barua ni kazi nyepesi. Nitakuonyesha."

Akachomoa kipokeo, akakunja kitambaa, akampa Mama vyote viwili. Akachomeka mausi ya zamani, akafungua kava ya kwaya, akaichezea mpaka chai yake ikapoa. Mashine ikatulia tuli. "Umeona?" akasema. Moyoni nikasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, lakini ushahidi ulikuwa mbele yangu, ningebisha nini?

Niliogopa, nakiri. Duka lilikuwa linaishi kwa kadi na kava, si kwa barua. Programu haiwezi kuondoka. Ikiondoka mausi, basi naondoka na mimi, narudi kijijini kukaa jikoni nikiangalia wenzangu wanakwenda shamba. Mama aliweka mausi kwenye droo, kitambaa akaenda nacho nyumbani kukifua. Hakuniambia lolote, na mtu akinyamaza, mimi hujijazia mwenyewe maneno yaliyobaki. Kesho yake nilifanya kazi mezani hadi bega likawaka moto. Keshokutwa nikashindwa.

"Mama, naomba nijaribu mara moja tu. Ikizima, nafunga mzigo wangu mwenyewe."

Akanitazama sana. "Weka," akasema.

Nikakiweka kipokeo juu ya bati, kavukavu. Nikafungua kava. Nikapanga soprano, nikapanga alto, nikashuka mpaka kwa wapiga besi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, Mama akaenda kuswali, akarudi, mashine bado inadunda! Alifurahi mpaka akachekea pembeni. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake, kimefuliwa, kimepigwa pasi, akakitandaza kwa mikono miwili.

"Leo imestahili," akasema.

Hatukumaliza hata vitumbua alivyoagiza tushangilie. Mshale ukaganda. Pu!

"Inna lillahi," Mama akasema, akakaa kwenye benchi.

Mimi nikafungua mdomo kutukana, nikaufunga. Asubuhi nzima mausi ileile, programu ileile. Kipya ni nini? Nikapitisha mkono wa kushoto nyuma ya mashine, chini ya maua yale meupe, pale feni inapotolea hewa. Palikuwa pa moto kama kikaango. Kumbe fundi alipochomoa kipokeo alikuwa ameondoa vitu viwili, nasi sote tulihesabu kimoja. Barua hazikuichosha mashine. Picha ziliichosha, ikahema, na pua yake imezibwa.

Kikulacho ki nguoni mwako! Methali ilinifika mdomoni, na mimi sijazoea kumeza maneno. Siku hiyo nikaimeza. Ningemwambiaje mama yule kwamba zawadi yake ndiyo inayoua zawadi yake?

"Mama... mashine inasikia joto."

Akaja, akaweka mkono wake pale nilipoweka wangu. Akakiondoa kitambaa polepole, akakikunja.

"Ni mimi," akasema.

"Si wewe, Mama. Ni joto."

Tukangoja ipoe, tukaiwasha. Kwaya ikarudi kwenye kioo, na ikakaa. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia, nikasema kitu ambacho sikukusudia kukisema: "Nilijua ikifika Jumatatu unanirudisha Njombe."

Akashangaa kwelikweli. "Nikurudishe kwa kosa gani?"

"Fundi alisema tuchague. Mausi au programu."

"Fundi alisema. Mimi nilisema?" Akavuta pumzi. "Dereva aliondoka juzi na mahindi. Nimemwagiza apite Kariakoo, aulize mashine nyingine, itakayopatana na mausi yako."

Nikainamia kibodi, machozi yakanitoka mbele ya mteja aliyekuja kutoa kopi, nami sikumfukuza. Mama akampokea karatasi zake, akaniambia bila kugeuka:

"Mashine zinauzwa, mwanangu. Wewe ningekununua duka gani?"