Mzungu wa Rosine

Anayetaka kucheka acheke, lakini mimi Léopold nilimwonea wivu maiti. Tena siyo maiti ya juzi. Ni tajiri wa Kiingereza aliyezaliwa enzi za wafalme wa Tudor na kuzikwa enzi za wafalme wa Stuart, karibu miaka mia nne iliyopita. Gervase Thornley. Hata jina lake linanikera.

Mke wangu Rosine alipata kazi ya kusafisha nyumba yake mwaka 2006. Ni nyumba kubwa ya zamani, si mbali na Erdington, mtaa tunakoishi huku kwa Waingereza, na siku hizi watu huenda kuitembelea. Mimi nafanya kazi ghalani, na Jumapili naongoza korali ya kanisa letu la Wakongo kule Ladywood. Korali hiyo niliianzisha mimi, na sauti yake ni Rosine. Tulikutana katika korali nyingine, kwetu Uvira, kabla ya kuja huku. Niliijua sauti yake kabla ya kulijua jina lake. Sasa hebu fikiria: narudi nyumbani nimechoka, nakaa mezani, na kila siku naletewa habari za mwanaume mwingine.

Eti Bwana Gervase alikuwa na mashamba na kondoo wengi ajabu, lakini hakuajiri mtumishi kabla ya kumsikia akiimba. Mpishi wake alipiga fidla. Mtunza farasi aliimba besi. Chakula kikiisha waliacha vyombo hapo hapo, wakaketi meza moja na tajiri wao, wakaimba. Nyimbo alizinakili kwa mkono wake mwenyewe, kila sauti na kijitabu chake, kwa hiyo mmoja wao asipokuwepo wimbo haukamiliki. Rosine alisema tajiri mkubwa namna hiyo alikuwa akikaa siku nzima kuandika sauti ya msichana wa kukamua ng'ombe. Macho yalimng'aa akisema hayo. Mimi nikauliza kama bugali imeiva.

Basi akaanza kuziimba na nyimbo zenyewe. Zilikuwa zinauzwa pale kwenye kanda, akazishika kwa sikio, akawa anazitoa jikoni huku anatwanga majani ya muhogo ya sombe yangu! Nikaona hapana, lazima nikamwone huyu mtu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na binti yetu Déborah, wa miaka kumi, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliyetutembeza ni Fiona, bibi wa makamo anayewapokea wageni. Akatusimamisha kwenye ngazi, mbele ya picha ya Gervase. Ana kola nyeupe pana kama sahani, ndevu chache za ncha, na mkono umekaa juu ya gitaa la zamani. Nilitafuta ubaya usoni mwake nikaukosa, nikazidi kukasirika.

Fiona akasimulia kwamba jirani mmoja tajiri aliwahi kumwomba Gervase yule msichana wa ng'ombe, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, aende akamwimbie Krismasi. Gervase akampa msichana farasi wake mwenyewe, akamwambia nenda. Alikwenda, akaimba, akarudi. Nikasema moyoni, hata hapo kanishinda, mshenzi huyu.

Kisha Fiona akamgeukia Rosine, aliyekuwa zamu siku hiyo na amesimama karibu nasi. Alikuwa amemsikia akiimba anapopangusa ngazi. Walikuwa wanaandaa siku ya sherehe ya nyumba ile, wana waimbaji wanne, wamekosa sauti ya juu. Je, angekubali? Rosine aliniangalia mimi. Nikasema tutaona, na anayenijua anajua maana ya tutaona yangu.

Kanisani kwetu mwimbaji akikosea huwekwa chini ya nidhamu. Anavua sare, anakaa benchi la nyuma miezi mitatu, na haruhusiwi kuimba mbele ya watu mahali popote. Kutoka mapema kuna njia moja tu, kusimama mbele ya kanisa na kuungama. Nilikwenda kwenye kamati, mimi mwenyewe mume, nikamshtaki mke wangu kwamba anaimba nyimbo za dunia. Mzee Athanase, mwenyekiti, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Mungu anisamehe, siku ile nililala vizuri.

Rosine hakugombana nami. Alivua sare, akaikunja, akamwambia Fiona kwamba hataweza. Siku ya sherehe yao alishinda nyumbani akipiga pasi. Nikajiona mshindi.

Lakini mwezi uliofuata korali yetu ilikuwa inatimiza miaka mitano, na wageni walikuwa wanakuja kutoka Coventry hadi Sheffield. Solo nilimpa Marie-Claire. Maskini, alijitahidi, lakini kila mazoezi wimbo ulikwama pale pale pa juu. Nikarudi nyumbani mpole. Nikamwomba Rosine aungame tu, maneno mawili, Jumapili arudi kwenye safu.

"Niungame nimekosa na nani, Papa Déborah?"

Nikasema na zile nyimbo.

"Nyimbo hazikukuuma. Kinachokuuma ni wivu. Kaungame wewe."

Sikuungama. Tungeonana vipi na watu? Sikukuu ikaja, wimbo ukakwama mbele ya wageni wote, nikatabasamu kama mjinga.

Miezi mitatu ikaisha. Nilisoma jina lake mbele ya kanisa, watu wakapiga vigelegele, naye akaja na sare yake, akasimama mahali pake. Nikainua mkono. Kinywa chake kilifunguka pamoja na vya wengine, kikafungwa pamoja na vya wengine, na hapakutoka kitu. Kanisa zima lilidhani anaimba. Mimi niliyesimama mbele yake ndiye niliyejua. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Nilimuuliza kama koo linauma, akasema haliumi.

Wakati wa likizo ya shule nikamuuliza Déborah kwa siri, maana siku hizo alikuwa anaandamana na mama yake kazini. Mama anaumwa? Mtoto akanishangaa. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mama ni mzima, na kule anaimba kila siku akisafisha zile ngazi, tangu ya chini hadi ya juu, tena kwa sauti yote, na akifika penye picha ya yule bwana husimama mpaka amalize wimbo.