Bao 1.2

Nilipofungua duka langu la kompyuta nyuma ya soko la Kibuye, mjini Kisumu, nilifanya kama walivyofanya wenzangu wote. Mtu alikuja na flashi yake, nikamjazia filamu na gemu zilizovunjwa kufuli, akaenda zake. Sikujiuliza zilitoka wapi. Kisha siku moja watu wa hakimiliki wakaingia mtaani na polisi, wakabeba mashine za jirani yangu hadi waya wa mwisho, naye akabaki ameketi juu ya kreti ya soda akiangalia meza tupu. Mimi waliniruka kwa sababu stima ilikuwa imepotea na nilikuwa nimefunga mlango nikaenda kutafuta chai. Niliogopa sana. Jioni hiyo hiyo nilifuta kila kitu, na kulipokucha nikaanza kutafuta gemu ambazo mwenyewe ameruhusu zichukuliwe.

Zipo. Watu hawaamini, lakini zipo nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzicheza. Kuna za watu walioungana kutoka nchi mbalimbali, wakatengeneza gemu kwa kupenda tu, wakaandika wazi kwamba yeyote achukue, anakili, agawe. Kuna za zamani ambazo wenye nazo waliona hazina soko tena wakaziachilia. Kuna za wanafunzi wanaojaribu mkono. Na kuna za uongo, zinazojiita za bure na ndani zimejaa virusi, au zinakuacha unogewe kisha zinakudai kadi ya benki. Nilijifunza kuzitofautisha. Nilipakua kwenye ukurasa wa mwenyewe tu, si kwa mtu wa katikati. Nilisoma leseni yote, hata ile lugha ya mawakili inayokausha macho. Nilizipitisha kwenye kinga ya virusi, kisha nikacheza mwenyewe mpaka nikaridhika. Ndipo nilipomwambia mteja: beba, na ukifika nyumbani mgawie jirani yako, mwenyewe amekubali. Nililipenda sana neno hilo. Katika biashara zangu zote sijawahi kumwambia mtu jambo zuri kama hilo.

Wateja hawakulipenda. Kwa Kiswahili kitu cha bure ni kile usichokilipia, na pia ni kile kisicho na maana. Kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, ni vivyo hivyo, *nono*, neno moja limebeba mizigo yote miwili. Vijana wa mtaa wa Kondele waliniuliza, kama gemu hiyo ni nzuri, mbona mwenyewe haiuzi? Walitaka ile iliyoibwa, kwa sababu iliyoibwa angalau kuna mahali ina bei. Mimi si mtu wa kubembeleza. Niliwaelekeza kwa anayeuza na kuwaambia atawapa virusi kama nyongeza.

Halafu nikafanya kosa la ubao. Niliandika kwa rangi nyekundu: GEMU ZA BURE. HALALI. Nikauegemeza mlangoni, na asubuhi iliyofuata nikakuta wanaume wazima wamejipanga nje, waendesha boda na mlinzi mmoja aliyekuwa bado na sare. Sikuelewa mpaka mmoja aliposogea karibu na kuniuliza kwa adabu kama za leo ziko tayari. Kwetu mtu mzima akisema gemu, huwa hazungumzii kompyuta. Anazungumzia mechi ya kubetia. Walidhani nimepata njia ya kujua matokeo na ninaigawa kwa huruma. Niliwaeleza, nikawaonyesha hadi gari linalokimbia kwenye skrini. Mlinzi alinitazama kwa namna ya kunisikitikia, kama mtu aliyemkuta mwenzake amekosa chakula. Nilichukua brashi nikaongeza ZA KOMPYUTA, lakini uvumi ulikuwa umeshatoka mlangoni. Kwa muda mrefu baadaye nilisikia watu wakiambiana: yule mama ndiye ana gemu za uhakika.

Ni katika siku hizo Baba alikuja kunitembelea. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu, na kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani Seme, upande wa Kombewa, na mama. Mama alipofariki, Baba alianza kushinda kwa kinyozi pale senta, na kwa kinyozi ndipo alipofundishwa kubeti kwa simu. Fahali aliuzwa kwanza. Baadaye ikawa miti ya nyuma ya nyumba, ile aliyoipanda mwenyewe. Kilichobaki ni kipande cha chini, kinachogusa ziwa, ambapo mama alilima sukuma na nyanya akizimwagilia kwa ndoo. Ninaposema nyumbani, macho yangu huona kipande hicho kabla ya kuona nyumba. Jirani wa ng'ambo ya njia alikitaka kwa muda mrefu. Baba aliniapia kando ya kaburi la mama kwamba hatakigusa, nami nilimwamini kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuamini.

Alikaa kwenye benchi la nje ya duka mchana wote huo, akisikiliza watu wanaopita. Nilipomletea soda alinitazama sana. Aliniuliza kama biashara ya gemu inaenda vizuri, nikamjibu inaenda pole pole, na wengi wanachukua bila kushukuru. Akaigeuza soda mkononi bila kuinywa. Nilidhani ni huzuni yake ya kawaida.

Baada ya ziara hiyo nilijipangia mpango wangu. Nilijiambia kinachomshika Baba si pesa, ni kule kungoja. Mtu aliyekaa peke yake kwenye nyumba iliyonyamaza anahitaji jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Basi nimpe jambo lingine la kungojea, lisilouza chochote. Nikakumbuka ajua, bao letu la Wajaluo. Kiwandani, saa ya chakula cha mchana, yeye na wenzake waliinamia ubao wa mashimo wakigawa kete, na nilipoletwa na mama na sufuria ya chakula hakuna aliyegeuza shingo. Baba aliogopwa pale. Wenzake walisema anahesabu kete zako kabla hujazishika.

Nilitengeneza laptopu moja kuukuu nikampelekea Seme, kisha nikarudi mjini kutafuta. Nilipata bao zilizokuwa na matangazo ya kamari kila baada ya mchezo, nikazitupa. Mwishowe nikaipata moja, kazi ya mtu mmoja wa mbali sana, aliyeandika kwamba aliona mchezo huu safarini akaupenda na sasa anautoa kwa yeyote. Leseni yake ilikuwa safi. Aliiita Bao tu, toleo la 1.2. Niliicheza nikashindwa vibaya, nikafurahi. Ili asichoke na moja nikaongeza gemu ya mpira wa miguu, na nyingine ya kusafirisha mashua kati ya visiwa, ambayo haina adui wala saa. Nikaziweka kwenye flashi. Binamu yangu alikuwa anaelekea Kombewa, nikampa amfikishie Baba, akakubali, ila alisema angepitia Bondo kwanza kwa wakwe zake.

Kisha, ili Baba ajue kilicho njiani, nikamtumia ujumbe kwa simu. Naukumbuka wote, kwa sababu nimeusoma mara nyingi tangu hapo kwa macho ya mtu mwingine. Nilimwandikia: *Baba, hizi ndizo gemu za bure. Bao 1.2, Mashua 2.0, Mpira 3.1. Zote nimezijaribu mwenyewe, ni safi na ni halali.* Akanijibu upesi, yeye ambaye hajibu kamwe. Aliandika asante sana nyara, yaani binti yangu, Mungu akuzidishie. Nilifurahi kama mjinga. Jumapili yote nilipika na kuimba, nikimwaza ameinama juu ya skrini akigawa kete.

Wiki ilipoanza nilimpigia binamu, akaniambia bado yuko Bondo, wakwe hawajamwachilia. Nilimpigia Baba nimwambie basi angojee kidogo, simu ikawa imezimwa. Nikapiga tena na tena, imezimwa. Nikafunga duka nikaenda Seme.

Kule chini, kwenye sukuma za mama, vijana wawili wa jirani walikuwa wakisimamisha nguzo. Waya ulikuwa bado umeviringishwa kando, ukingoja. Baba alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba, uso ameuelekeza kwao, na hakuinuka aliponiona.

"Baba, hawa watu wanafanya nini kwa shamba ya mama?"

"Niliuza," akasema. "Nilikuwa nairudisha jioni hiyo hiyo. Na faida."

Nilimuuliza angeirudisha kwa pesa gani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mtoto wake mwenyewe.

"Si wewe ulituma gemu? Tulikaa na kinyozi tukaangalia mzuri. Bao, moja mbili. Mashua, mbili bila. Mpira, tatu moja. Jumapili kulikuwa na mechi tatu kubwa, zikalingana na zako tatu. Ni hiyo mashua tu ilitusumbua. Tukasema ni timu ya pande ya maji, umeficha jina watu wasijue."

Niliketi chini kwenye udongo. Nilianza kumweleza kwamba hizo ni nambari za toleo, kwamba mtu akitengeneza gemu huiita moja, akiirekebisha kidogo huiita moja nukta moja, na kwamba bao nililosema si bao la golini, ni ajua, ajua yake. Nilijisikia nikiongea na maneno yakawa ya kipumbavu hata kwangu. Nilitaka aseme nimemdanganya, nipate kukasirika. Hakusema hivyo.

"Uliandika umejaribu mwenyewe," akasema. "Na pale kwako nilisikia watu wanasema uko nazo. Nilijiuliza mbona mtoto wangu anagawia watu wa boda na mimi ananinyima. Ulipotuma nikajua sasa umenihurumia."

Mkeka wake wa kubeti ulikuwa umechanika mechi ya kwanza, kabla ya mapumziko. Alikaa kwa kinyozi mpaka mechi ya tatu ikaisha, akizitazama zote, ingawa hazikuwa na haja naye tena. Hayo aliniambia bila kuulizwa. Nilimrushia maneno makali. Nilimkumbusha kaburi na kiapo, nikamwambia mama angekuwa hai angemfukuza nyumbani kwake mwenyewe. Alingoja mpaka nikamaliza pumzi. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini, bila ubishi wowote.

"Lakini hiyo mashua. Ilikuwa timu gani?"

Niliteremka shambani ili nisimwone. Jirani mwenyewe alikuja, mtu mpole, akanipa pole na kuniambia nichume mboga zote nitakazo kabla hawajafunga waya, nisijali, ni za bure. Nilichuma kwa sababu mama asingeacha sukuma zioze. Nilizipika jioni hiyo tukala mimi na Baba, na zilikuwa tamu, jambo lililonichukiza.

Flashi ilifika baadaye kwa mkono wa binamu, imechakaa kwa vumbi la Bondo, naye akiomba radhi nyingi za wakwe. Nusura niitupe ziwani. Nikaiweka mfukoni, nikabaki Seme siku hizo kwa sababu niliogopa kumwacha Baba peke yake na kamba zilizomo ndani ya nyumba ile. Hilo naliandika jinsi lilivyokuwa. Kisha mchana mmoja, akiwa ameketi pale pale mlangoni, nilichomeka flashi kwenye laptopu, nikamwekea mapajani, nikamfungulia Bao.

Aliitazama bila kuigusa. Halafu kidole kikasogea. Alicheza polepole mwanzoni, akinung'unika kwamba aliyeitengeneza hajui kula kete, hivi sivyo tulivyokuwa tunakula kiwandani. Alishindwa. Alicheza tena. Jua lilipogeuka upande wa ziwa niliona mgongo wake umeinama kama ule wa zamani, wa saa ya chakula, na nikasogea dirishani ili nisimvuruge. Nje waya ulikuwa umeshavutwa nguzo hadi nguzo, na mbuzi wa jirani walikuwa wakila mashina ya sukuma.

Laptopu ikatoa mlio mdogo wa ushindi. Baba akanyoosha mgongo.

"Nimeishinda," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akangoja. Aliitazama skrini, akaitazama simu yake iliyolala juu ya stuli, akairudia skrini.

"Sasa inanipa nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Ni ya bure."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia habari aliyokuwa anaijua. Nilidhani atafunga mashine. Badala yake akaniuliza kama ile mashua nayo imo humo ndani. Nikainama nikamfungulia. Maji ya buluu yakajaa skrini, visiwa viwili vitatu, na chombo kidogo cha tanga jeupe kimetulia katikati kikingoja kuambiwa pa kwenda. Baba alikitazama kwa muda mrefu sana, mikono yake haijagusa kitu.

"Kumbe," akasema, "ilikuwa mashua tu."