Mpira Ulipotua kwa Mama Zuhura

Mdogo wangu, kilichoninyima usingizi kilikuwa swali moja: mtu aliyekuwa akikaa benchi hata kwenye chandimu ya mtaani atawafundishaje watoto mpira? Shahada ninayo, lakini shahada haipigi kona.

Kocha Mbaraka alikuwa anakwenda kutibiwa goti, akataka nibaki na watoto wake wa Kariakoo mpaka arudi. Huyu ni mtu aliyewahi kutolewa uwanjani amebebwa mabegani. Mpaka leo akipita kwenye maduka ya vitenge biashara inasimama, na wazee wanamsimulia mabao yake mwenyewe kana kwamba yeye hakuwepo. Nilimjibu nitafikiria. Unanijua, nikisema nitafikiria ujue natafuta njia ya kukwepa.

Nakumbuka jioni moja kabla hajaondoka. Kiwanja chetu ni uwazi mdogo kati ya maghorofa, na majirani walikuwa wamechoka nasi. Wangelalamika tena, mwenye eneo angeligeuza maegesho ya magari. Basi mpira ukaruka, ukatua kwenye sufuria ya mchuzi ya Mama Zuhura, mama ntilie wa pale kona. Watoto wakaganda. Mimi nikaanza kuwaza nani aende, aseme nini, aanze na neno gani.

Kocha hakuuliza nani kapiga. Alivua kofia, akatangulia akichechemea, watoto wote nyuma yake. Akainama mbele ya yule mama, aliyemzidi umri kidogo.

"Shikamoo, mama. Mpira wangu umekukosea."

"Marahaba. Zamani ulikuwa unalenga goli, siku hizi unalenga sufuria?"

"Goti limepinda, mama, na mashuti nayo yanapinda."

Mama akacheka bila kupenda. Watoto wakamwoshea vyombo mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilisimama pale, mwili umenisisimka. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia sifa za mtu huyu, lakini sikuwahi kumwona mkubwa kiasi kile.

Tulipokuwa tunakusanya mipira akaniambia, "Kupiga mpira watafundishana wenyewe, mwanangu. Kwako wanataka mtu wa kutangulia wakikosea."

Jumamosi ya kwanza bila yeye, mpira ukaingia dukani kwa Mzee Said, muuza kanzu, ukaangusha safu nzima. Watoto wakanigeukia. Maswali yangu yote yalikuwa bado yapo, hata moja halijajibiwa. Nikavua kofia, nikatangulia. Nyuma yangu nikasikia ndala zao zikinifuata.

Sasa nawe umepewa darasa lako la kwanza, na unaogopa kwa sababu hujui kila kitu. Usingoje hofu iishe. Nenda nayo hivyo hivyo. Na wale uliokabidhiwa wakiharibu, usianze kwa kumtafuta mkosaji. Vua kofia, tangulia. Mola akupe miguu ya kusimama mbele ya watu wako, na shingo isiyoona uzito kuinama.