Maana ya "Evict" Mlangoni kwa Mama Simbeye

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo na bisibisi. Bosi wangu alikuwa dalali wa mahakama, yaani mtu mwenye kibali cha kutekeleza amri za mahakama. Akaniambia, "Bwana mdogo, hapa hatugombani na mtu. Tunang'oa mlango tu." Kwa baridi ya Tunduma, nyumba isiyo na mlango hailaliki. Mpangaji hujiondokea mwenyewe.

Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Barua nyingi za kazini zilikuwa na neno "evict", nami nilidhani maana yake ni kuhama. Mdogo wangu Tabu alipofika sekondari alinisahihisha.

"Kaka, kuhama mtu anahama mwenyewe. Hili ni kumtoa mtu kwa nguvu ya sheria, kwenye nyumba au shamba. Huwezi kulisema kwa gunia la mahindi."

"Mwenye nyumba je, anaweza kulitumia?"

"Kuliandika anaweza. Kulitekeleza, mpaka mahakama iamuru."

Miaka michache baadaye tulitumwa kwa Mama Simbeye, mjane aliyewapikia madereva wa malori. Mwenye nyumba alitaka kufungua gesti. Nilikuwa nimeshalegeza bawaba ya juu bosi aliponipa barua niibandike ukutani. Lile neno la Kiingereza lilikuwepo, na mhuri mkubwa, lakini ulikuwa mhuri wa duka la mwenye nyumba.

"Bosi, hii si amri ya mahakama."

"Imeandikwa Kiingereza, unataka nini tena?"

Mama Simbeye alikuwa anachambua mchele. "Mwache amalizie, baba. Ila mniambie wanangu walale wapi."

Nikaikaza bawaba. Bosi akanitazama hadi nilipomaliza.

"Kesho usije. Tuone kama wadogo zako watakula sheria."

Nilikaa wiki tatu nikipakua mahindi ya watu. Mwenye nyumba alipoona bosi naye hathubutu kuitekeleza ile barua, alikwenda mahakamani, na hakimu akampa Mama Simbeye miezi mitatu ya kutafuta pa kuhamia. Bosi aliniita nirudi. Samahani hakusema, nami sikuidai.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama nilimwokoa yule mama. Sikumwokoa, mwishowe alitoka kwenye ile nyumba. Muda wake ulipokwisha amri ilitolewa, na aliyeipeleka ni mimi. Nilimsomea yote kwa Kiswahili, polepole. Alikuwa ameshapata chumba mtaa wa Chapwa, na mkokoteni ulikuwa unamsubiri nje.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Haya, shika upande ule wa meza."