Pigo la Pili Alilolificha Shemeji Yangu

Mhariri, na ninyi dada na kaka mnaosoma ukurasa huu, mniwie radhi kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne tangu msimu uliopita wa alizeti, na mara zote nne nimeichoma jikoni. Naomba jina langu lisitoke.

Nina miaka ishirini na minne, niliishia darasa la saba, nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Tunaishi pembezoni mwa mji wa Singida. Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye shirika, baba mkwe aliuza ng'ombe tukanunua mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, maana siku hizi kila mtu anajiuzia mafuta yake mwenyewe. Ng'ombe yule alikuwa wa mahari ambayo mdogo wake mume wangu angeolea. Shemeji hakulisahau hilo. Akilewa lazima aje kudai, na akija lazima avunje kitu. Aliwahi kunipiga teke nikiwa na mimba ya miezi saba.

Mimi naimba kwaya. Sijawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Niliamini kabisa kwamba baraka zangu nimezitolea jasho, na yeye anastahili kila baya linalompata.

Mchana huo mume alikuwa amepeleka mafuta sokoni. Shemeji akaingia ananuka pombe, akapindua ndoo iliyojaa.

"Umekamua alizeti, umekamua ng'ombe wangu, sasa umebakiza kunikamua mimi! Toka hapo kwenye mashine, mlokole wa mashudu!"

"Shemeji, ondoka. Mtoto amelala."

Akanizaba kofi, damu ikajaa mdomoni. Akanikaba kwa kanga yangu mwenyewe, akakaza. Nikauchomoa mpini wa mashine, ule wa chuma, nikampiga begani. Akateleza kwenye mafuta, akaanguka chali, mikono wazi.

"Basi, shemeji, basi," alisema.

Nikampiga tena. Usoni.

Pigo la kwanza nilijitetea. La pili hapana. Jicho lake la kushoto lilipasuka, nami nililisikia kwenye viganja vyangu.

Majirani walipofika, mpini nilikuwa nimeshaurudisha mahali pake. Mwenyekiti wa mtaa akamuuliza shemeji nani kampiga.

"Hakuna. Nilikuja kuiba mafuta, nikateleza, nikaangukia chuma."

"Na mdomo wa shemeji yako?"

"Huo ni mimi."

Nilimpelekea uji hospitali, nikamuuliza kwa nini. Akacheka kwa upande wa uso uliobaki. "Ukifungwa, yule mtoto atanyonya kwangu? Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kudai. Hili moja sidai, shemeji. Na wewe usinilipe."

Kanisa likamtenga kwa wizi na ulevi. Miezi minane sasa anakaa benchi la nyuma, haruhusiwi kwenye meza ya Bwana. Mimi napita mbele yake kwenda kupokea, na mkate haushuki. Pombe ameacha. Mume wangu, asiyejua lolote, husema, "Mwizi yule, jicho limemfundisha," nami namsongea ugali.

Ndugu zangu, namchukia shemeji kuliko zamani, na hilo ndilo linalonitisha. Angenidai, ningelipa, tungemalizana. Mwezi ujao anarudishwa kundini, na desturi yetu ni kusimama mbele ya usharika wote na kuungama. Ataungama wizi ambao hakuufanya.

Najua neema hainunuliwi, nimeiimba tangu utotoni. Lakini kuipokea huku mwenzangu anaaibishwa kwa ajili yangu, je, bado ni neema, au mwizi ni mimi? Nikisema kweli kuna polisi, na kuna mume ambaye sijui atanifanya nini. Mngekuwa ninyi mngeshika njia gani? Msiniambie ninyamaze. Hilo nimeshalijaribu.

Bado nahitaji mnitumie haya: anwani ya watu wanaosaidia wanawake kisheria bila malipo, jina la hospitali wanakoweka jicho la bandia, maelekezo ya kumwachisha ziwa mtoto wa mwaka na mwezi mmoja asiugue, endapo nitachukuliwa, na sentensi moja tu ya kuanzia nitakaposimama kanisani, maana zinazofuata ninazo.