Ngurumo Aliyoingoja Mama Randburg

Nilikwenda Johannesburg kumrudisha Mama. Alikuwa huko akimsaidia dada yangu Wairimu kulea mtoto mchanga, na kila akipiga simu ni lile lile: "Nirudisheni Nyahururu. Huku sijui masika wala vuli, nakaa tu kama gunia." Wairimu naye alikuwa akilia chinichini. Akirudi kazini, mtoto atamwachia nani?

Mkobani nilibeba zawadi kutoka kwa jirani yetu Mjapani: kalenda ya jadi ya kwao, inayokata mwaka vipande vya siku tano tano, kila kimoja kikiitwa kwa jambo dogo lililobadilika nje. Jamani, nilivyoipenda! Ndegeni niliisoma kwa sauti mpaka abiria mwenzangu akahama kiti.

Nilifika jioni Randburg, kitongoji cha Johannesburg anakoishi Wairimu. Ilikuwa Agosti, baridi ya kuuma masikio, na Mama amejikunja ndani na koti lake.

Asubuhi nikafungua kalenda, nikatangaza, "Sasa joto linapungua!"

Mama akaenda dirishani ili anikosoe tu. "Ala! Mti wa pichi wa jirani unachanua, wewe unaniambia joto linapungua? Huyo Mjapani wako amepotea njia."

Nikacheka hadi machozi. Nilisahau kabisa kwamba kusini majira yako kinyume! Tukaruka nusu mwaka, nikasoma: "Upepo wa mashariki unayeyusha barafu." Mama akashuka ngazi mbio. Kweli, umande ulioganda kwenye nyasi ulikuwa ukiyeyuka pale jua lilipogusa.

"Wee! Umeona?" akapiga makofi.

Kuanzia hapo hakushikika. Siku moja tulisimama kwenye robot, ndivyo huko wanavyoziita taa za barabarani; taa ikawa kijani, Mama hasogei.

"Mama, tuvuke!"

"Ngoja kwanza, ule mti unachipua."

Siku ya kuondoka nikamuuliza sanduku lake liko wapi.

"Kuna ile uliyonisomea, ngurumo ya mbali. Haijafika bado. Nitaondokaje?"

Wairimu akamkumbatia, mtoto katikati, wakalia wote watatu. Nikarudi peke yangu, na furaha tele. Kumbe Mama hakuchoshwa na Johannesburg. Alikosa tu kitu cha kungoja.

Nikiwa Nyahururu simu ikalia. "Nyamaza, sikiliza!" Ngurumo, mbali, kisha kicheko cha Mama.

"Haya, umeisikia. Nikukatie tiketi?"

"Tiketi ya nini? Vyura bado hawajaanza kuimba."