Sketi Iliyokaa kwa Begi

Dole gumba la mchuma chai halifichiki. Utomvu wa majani hulitia weusi na sabuni ya kufulia haiutoi, labda ndimu. Mimi mwenyewe nilichuma kila Jumamosi na kila likizo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Jumapili jioni mama alinisugua vidole kwa ndimu, nisichekwe darasani. Kwa hivyo mtu asinifundishe habari ya mtoto kusaidia nyumbani. Naijua. Mimi Jumatatu nilienda shule.

Jirani yangu hapa upande wa Merigi alikuja siku moja na msichana wa miaka kama kumi. Alituambia ni mtoto wa binamu yake, wa mbali huko, amemleta asome. Msichana hakujua Kipsigis, lugha yetu ya huku. Aliongea Kiswahili kidogo, kwa sauti ya chini. Alikama ng'ombe, akateka maji, na kabla umande haujakauka alikuwa kwa chai na kikapu kinachomgonga nyuma ya magoti. Wanawake wote walisema mtoto huyu ni baraka. Mimi pia nilisema. Nilimwambia jirani, mtoto wangu akilia mgongoni, kwamba ningepata kama huyo ningepumzika. Maneno hayo ni yangu, siwezi kuyakana.

Mwaka ukaisha, mwingine ukafika katikati.

Kanisani kwetu ibada ikiisha tunatoka tukipanga mstari nje, kila mtu anasalimia kila mtu kwa mkono. Jumapili moja nikashika mkono wa yule msichana na nikasikia harufu ya ndimu. Dole gumba lilikuwa limesuguliwa mpaka ngozi ikapasuka. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi. Akamwangalia jirani kwanza. Jirani ndiye akanijibu: la tano.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa nachuma shamba letu. Yeye alikuwa ng'ambo ya ua, mistari miwili kutoka kwangu, anachuma. Jumanne pia. Na hapo ndipo nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote, kwa sababu haikuwa siri. Nilikuwa nimemwona pale asubuhi zote hizo za shule, kwa macho yangu haya, na nikamwita baraka.

Jumatano nikampata kituoni, pale tunapopimia majani kabla lori la kiwanda lije. Mimi ni mwanakamati wa hicho kituo. Kuna ubao ukutani unaosema majani yaliyochumwa na mtoto hayapokelewi. Msichana alikuwa ameketi chini yake, anachambua majani magumu kutoka kwa gunia la jirani, kwa sababu mtoto mfupi hafiki katikati ya kichaka, anachuma ya pembeni yaliyokomaa. Karani alikuwa ameshatundika gunia kwa mizani. Nikalishusha.

"Hii haipimwi," nikasema.

Karani akaniomba tusianze maneno, lori liko karibu. Foleni ikanung'unika. Majani yakikaa kwa gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa, kwa hivyo walikuwa na haki ya kununa. Jirani hakununa. Alicheka.

"Umezaa mmoja tu, tena wa juzi, na unataka kutufundisha kulea? Mshukuru Mungu nyinyi, leo tumepata mwalimu."

Watu wakacheka na yeye. Nikamwambia asome ubao. Akasema huyo si mchumaji, ni mtoto wa nyumbani, na hata mimi nililelewa kwa chai. Ni kweli. Sikubishana. Nikachuchumaa mbele ya msichana na kumuuliza alikuja huku kufanya nini.

Alimaliza kwanza kuchambua majani yaliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Nilikuja kusoma. Uniform iko kwa begi."

Hakuna aliyecheka tena. Jirani akaanza kueleza kwamba nafasi shuleni ilikosekana, kwamba wangeenda muhula ujao. Nikamwambia karani apime ya wengine. Mimi na wanakamati wawili tukaenda na msichana kuchukua begi.

Sketi ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Ndani ya mkanda, mama yake alikuwa ameandika kwa kalamu jina la mtoto na namba ya simu, vile tunafanya sote ili nguo isipotee shuleni. Nikapiga papo hapo, akapokea mama yake mwenyewe. Nikasema nampigia kwa ajili ya msichana wake.

"Ni mwalimu wake?" akauliza. Alifurahi sana kuuliza hivyo.

Nilimwambia hapana, mimi ni jirani, na mtoto hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Akaniuliza kwangu ni wapi. Baadaye aliniambia kila muhula alikuwa akipigiwa simu na jirani na kuambiwa msichana anafanya vizuri.

Chifu aliruhusu msichana alale kwangu. Jirani aliitwa kituo cha polisi cha Bomet kuandika taarifa, na afisa wa watoto ana faili yake. Kuna wanawake hawanisalimii sasa. Wanasema nimeharibia mtu jina kwa kazi ambayo kila mtoto hufanya. Wasinisalimie. Jina alijiharibia mwenyewe, na nikiona dole jeusi lingine siku ya shule nitashusha gunia tena, hata likiwa la mama yangu.

Mama ya msichana alishukia Sotik siku ya pili na akafika kwangu kwa boda. Sitaandika walivyosalimiana. Alipotulia, alimvalisha msichana ile sketi. Ilikuwa imeishia juu ya magoti. Lakini alikuwa ameinunua na kuipinda upindo mpana, mtoto apate kukua nayo. Akaniomba wembe. Akaketi kwa ngazi ya mlango wangu, akaufumua upindo wote uzi kwa uzi, na alipomaliza, sketi ikafunika magoti. Waliondoka msichana akiwa ameivaa.